Jumatano Tusiyoijua

"Mwanangu, bei hii ya Jumatano mliipata wapi?"

Aliyeuliza ni mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari wa bei ya dhahabu niliouchora mwenyewe kwenye programu ya simu. Nikakosa jibu. Jumatano hatukuandika bei yoyote. Tuliandika ya Jumatatu na ya Alhamisi. Katikati nilichora tu.

Programu ile niliitengeneza kwa Flutter, zana ya Google. Flutter hukupa vitu vilivyokwisha kuundwa: vitufe, orodha, visanduku vya kuandikia. Ukitaka kisichokuwemo, hukupa turubai tupu na brashi, uchore mwenyewe. Nikaunganisha bei kwa mstari laini uitwao mpindo wa Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeutumia kusanifu bodi za magari. Bodi ya gari inatakiwa iwe laini. Bei ya dhahabu haina wajibu huo. Kwa kuwa wiki iliyotangulia bei ilikuwa ikipanda, mstari wangu, ili upinde vizuri, ulipita juu ya bei zote mbili kwa shilingi 3,000 kwa gramu.

Mzee alikuwa ameuza dhahabu yake Jumatano hiyo hiyo. Alipouona mstari, akaamini ameibiwa. Tayari alikuwa amegombana na mnunuzi wake wa miaka mingi.

Ningeweza kujitetea kwamba kila namba niliyoandika ilikuwa ya kweli. Lakini mzee hakusoma namba, alisoma mstari, na mstari ulitaja bei ambayo hakuna aliyeitoa. Mizani ya mnunuzi hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mchoro wangu haukukaguliwa na yeyote, ingawa nao ulikuwa ukipima. Ningetumia chati ya mtu mwingine, ningemlaumu aliyeiunda. Kwenye turubai tupu, kila kilichopo nimekiweka mimi, hata kile nilichokiweka kwa sababu kinapendeza.

Niliufuta mstari. Nikabakiza nukta, na nafasi tupu palipo patupu. Mwenzangu aliona kama kazi haijakamilika. Nilipomwonyesha mzee, aliitazama kwa muda.

"Kwa hiyo Jumatano hamjui?"

"Hatujui, mzee."

Akatoa simu yake, akampigia mnunuzi.