Aliyechimba Kaburi Hayumo Kwenye Orodha

Magomvi mengi ya makundi ya WhatsApp ya watu wa nyumbani hayaanzii kwenye siasa wala dini. Huanzia kwenye orodha ya michango.

Watoto wa Mbangala, wilayani Songwe, wametawanyika. Wapo wanaofanya biashara Tunduma mpakani, wapo Mbeya, wapo Dar es Salaam. Waliobaki wanalima, wameajiriwa mgodi wa dhahabu wa New Luika, au ni wachimbaji wadogo. Ukitokea msiba, hata jeneza halijanunuliwa, orodha imeshabandikwa: jina na kiasi, jina na kiasi. Wa mjini elfu hamsini. Binamu yake mchimbaji anayesubiri duara, yaani shimo lake, liteme dhahabu, elfu mbili, au mstari mtupu.

"Wengine wanasoma tu, wananyamaza," mtu anaandika bila kutaja jina, na kila aliye kimya anajiona ametajwa yeye. Huyu anajibu kwa sauti ya dakika nne. Yule anafufua kesi ya shamba la babu. Usiku wa manane, wa tatu analefti. Zamani kundi zima lilitangaziwa kuwa fulani ametoka. Tangu 2022 maadmini pekee ndio hujulishwa. Ni afadhali, ingawa wapo waliokuwa wakilefti kwa ajili ya tangazo lenyewe. Wengine hutishiana kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kana kwamba polisi wanaweza kumpatanisha mtu na shemeji yake.

Daftari la rambirambi si jambo geni. Hata msibani majina husomwa. Lakini pale aliyekosa fedha alipasua kuni, akachota maji, akakesha turubaini, na watu wakamwona. Hakuna aliyethubutu kumwita mchoyo. Kwenye simu kuni hazionekani. Mtu anachimba kaburi asubuhi, mikono imevimba, jioni anawasha data na kukuta anasemwa kuwa hachangii. Anayemsema yuko umbali wa safari ya siku nzima, na kwa uhasibu wa orodha ana haki.

Hapo simwoni mbaya hata mmoja. Ubaya uko kwenye orodha.

Waweka hazina wa makundi yetu, nawaomba: bandikeni jumla, majina yabaki daftarini. Anayedaiwa apigiwe simu, aulizwe kwanza hali yake. Na kama orodha ni lazima, basi aliyechimba kaburi aandikwe namba moja.