Bwana Harusi kama Mdaiwa

Katika washiriki wote wa harusi, bwana harusi ndiye ambaye ulazima wake hudhaniwa kuwa wazi kuliko wa mwingine yeyote, na kwa sababu hiyo ndiye anayechunguzwa kidogo kuliko wote. Bibi harusi ana kungwi wake, ana nyimbo zake, ana siku zake za kufundwa. Mwanamume hutazamiwa afike tu, atamke na atie sahihi. Hata hivyo, desturi za watu mbalimbali zinaonyesha kwamba hata huko kufika si lazima. Sheria ya Kiislamu inamruhusu awakilishwe na wakili, yaani mtu aliyempa mamlaka ya kuipokea ndoa kwa niaba yake, na sheria za Kanisa Katoliki nazo zinaitambua ndoa ya namna hiyo. Kwa Wanuer wa Sudan Kusini, ambao Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya ndoa zao mwaka 1951, ndugu wa marehemu aliyekufa bila mtoto wa kiume aliweza kuoa kwa jina la marehemu huyo, na watoto waliozaliwa wakahesabiwa kuwa wa yule aliye kaburini. Wakurya wa mkoa wa Mara wana nyumba ntobhu, ndoa ambamo mwanamke, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kumwoa mwanamke mwenzake ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake.

Asiyekuwepo, mfu na mwanamke hawana sifa hata moja ya mwili inayowaunganisha, lakini desturi imewakalisha wote katika nafasi ile ile. Bwana harusi basi ni nafasi kabla hajawa mtu, na anayeikalia hutambulikana kwa jambo moja, kwamba kuanzia siku hiyo kuna watu wenye haki ya kumdai. Ni lazima hapa kutenganisha madeni ya aina mbili. Deni la kiasi ni lile lenye idadi inayojulikana, ambalo likilipwa huwaachanisha waliohusika, kila mmoja akashika njia yake. Deni la uhusiano ni lile ambalo kila malipo yake huuthibitisha uhusiano badala ya kuufunga, hata mtu akawa mkwe mwema kwa sababu anaendelea kudaiwa. Marcel Mauss, katika utafiti wake juu ya zawadi uliotoka mwaka 1925, alieleza kwamba katika jamii nyingi kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu, na kwamba zawadi hubaki imemshika aliyeipokea. Ndoa huongeza jambo zito juu ya hilo, kwa kuwa anayetoa ndiye anayebaki amefungwa.

Mkoa wa Singida ni mahali pazuri pa kulipima wazo hili, kwa maana ndani ya mipaka yake wanaishi majirani waliolijibu kwa njia tofauti kabisa. Miongoni mwa Wanyaturu, ambao mwanaanthropolojia Harold Schneider aliishi nao mwaka 1959 na 1960 na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1970, mahari ilikuwa mifugo, na mifugo hiyo haikuwa mali ya kukaa zizini tu. Ardhi ya Unyaturu ni kavu na huchoka upesi, na uwele na mtama hustawi pale samadi inapotiwa, kiasi kwamba idadi ya ng'ombe na rutuba ya shamba ni mambo yasiyotengana. Ng'ombe anapoondoka kwenda ukweni, huondoka na sehemu ya mavuno ya miaka ijayo. Tena kundi hilo si la kijana peke yake: lina jasho la baba yake, lina haki ya kaka zake wanaosubiri zamu, na katika jamii nyingi za wafugaji lina hata ng'ombe walioingia kwa kuolewa kwa dada yake. Kijana anayepeleka mahari hudaiwa mbele na nyuma, na wa nyuma mara nyingi ndio wenye deni refu zaidi, ingawa siku ya harusi hakuna anayewataja.

Schneider aliyaona haya yote kama uchumi, yaani mabadilishano ya watu wanaojua kupiga hesabu, na bila shaka Wanyaturu walijua kuipiga. Lakini hesabu hiyo haielezi kwa nini mkwe aliyekwisha kutoa ng'ombe wote bado alitazamiwa kufika msibani kwa wakweze, tena si kwa mikono mitupu. Bei hulipwa ili watu waachane kwa amani. Mahari hutolewa ili wasiweze kuachana kirahisi.

Wanyisanzu wa wilaya ya Mkalama wanalikaza fundo hili upande mwingine. Kwao, kwa desturi ya asili, ukoo ulifuatwa kwa mama, na hivyo bwana harusi aliingia katika ndoa akijua kwamba watoto atakaowalea watakuwa wa ukoo wa mkewe, chini ya macho ya mjomba wao. Huyu hawezi kudhaniwa kuwa amenunua uzao.

Katika wilaya hiyo hiyo, kwenye kijiji cha Munguli, wanaishi pia baadhi ya Wahadzabe, na hapa wazo linafika mwisho wake. James Woodburn, aliyeanza kuwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba mwanamume wa Kihadzabe alihesabiwa kuwa mume kwa muda wote alioishi kambi moja na mkewe na kumpelekea mama mkwe nyama na vitu vingine. Akiondoka na kukaa mbali kwa majuma kadhaa, ndoa ilihesabiwa kuwa imekwisha. Hakuna kundi la ng'ombe linalokabidhiwa, wala sherehe kubwa ambayo mtu angeweza kuielekezea kidole na kusema kwamba pale ndipo alipokuwa bwana harusi. Kila windo ni harusi yake upya. Deni hapa halina kiasi hata kidogo, limekuwa uhusiano mtupu, na ni vigumu kulifikiria bila kulistahi, ingawa ni kweli vilevile kwamba halimpi mwanamke ulinzi wowote mwanamume akiamua kutorudi.

Dini zilizoingia mkoani zilibadili mahali pa deni. Katika Uislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba yake, na tendo la mwanamume ni kabuli, neno la kupokea linaloifuata ijabu ya walii. Kanisani ni kiapo. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, aliyaita maneno ya namna hii kauli zinazotenda, yaani ambazo kuzitamka ndiko kulitimiza jambo lenyewe. Uchambuzi wake ni sahihi, lakini mkazo wake upo kwenye dakika ya kutamka, ilhali uzito wa kiapo upo kwenye miaka inayofuata.

Hatari iliyopo leo ni deni la uhusiano kugeuzwa deni la kiasi. Mshenga hupewa orodha: mkaja wa mama, blanketi la bibi, ng'ombe waliokwisha kubadilishwa kuwa fedha; bwana harusi hulipa, huweka alama, kisha hujiona amemaliza. Mume anayemwambia mkewe kwamba alimtolea mahari, akitaka kumnyamazisha, amelielewa tendo lake kinyume kabisa, kwa maana anadai kwa kitu kilichomfanya yeye awe mdaiwa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliona sehemu ya jambo hili. Kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa, na kifungu cha 63 kinamwekea mume wajibu wa kumtunza mkewe kwa chakula, mavazi na makazi kwa kadiri ya uwezo wake. Kifungu cha 160 kinakwenda mbali zaidi: mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa kifungu hicho mahakama inaweza kumtambua kuwa mume mtu ambaye hakupeleka ng'ombe, hakutamka kabuli wala hakusimama madhabahuni, kwa sababu tu alikaa. Na akishatambuliwa, wajibu wa kifungu cha 63 humfuata kama unavyomfuata aliyetoa zizi zima.