Kabla Injini Haijachemsha

Mwanangu, umenunua Suzuki DR650 iliyotumika, na jambo la kwanza uliloniomba ni nikufungie rejeta kubwa zaidi ya oili ili isichemshe ukipanda mlima wa Kitonga. Jibu langu ni hapana, angalau kwa sasa. Hujawahi kupima joto la oili ya pikipiki hiyo hata siku moja. Utajuaje kwamba linazidi?

Injini yako haina maji. Suzuki waliitangaza njia hii ya kupoza kwa oili kwa GSX-R750 ya mwaka 1985, walipokwepa uzito wa rejeta ya maji na mabomba yake, wakaipa oili kazi mbili. Pampu ya pikipiki ile ilikuwa na sehemu mbili: moja ilisukuma oili ya kulainisha kwa presha, nyingine ilimwaga oili nyingi juu ya hedi ya silinda ili ikazoe joto. Oili ikishapata moto inapita kwenye rejeta ndogo mbele, inapigwa na upepo, inarudi kazini. DR650 yako, silinda moja, cc 644, ni ya ukoo huo. BMW nao walikuwa na zao, kuanzia R1100RS ya 1993.

Sasa fikiria hasara yake. Gari linalopozwa kwa maji likichemsha utaona mvuke, utasimama kando. Pikipiki yako haitoi mvuke. Itaendelea kukubeba huku oili ikizidi kuwa nyepesi, na oili nyepesi mno haikai kati ya chuma na chuma. Hapo ulainishaji umepungua na upozaji umezidiwa, vyote kwa mpigo, na wewe juu ya kiti hujui kitu mpaka usikie hedi inaanza kupiga kelele.

Shika namba hizi. Oili ya injini ya namna hii inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 90 na 110. Ikifika 120 kwenye mlima, usiwe na hofu, ila macho yawe kwenye geji. Ikipita 130, punguza mwendo au simama. Ikikaribia 150, oili ya kawaida inaharibika kwa kasi, hata kama injini haijanoki siku hiyo. Wataalamu wa vilainishi hukadiria kwamba kila zinapoongezeka nyuzi 10, kasi ya oili kuchakaa huwa karibu mara mbili. Kwa hesabu hiyo, oili iliyoshinda kwenye 140 inazeeka mara nane kuliko ile ya 110, na ratiba yako ya kumwaga oili kwa kilomita haina maana tena.

DR650 haikutoka kiwandani na geji ya joto, kwa hiyo tutafunga. Iko ya kifuniko cha kujazia oili chenye mshale wake juu, unaisoma ukisimama. Iko pia ya waya, kihisio chake kikikaa kwenye nati ya kumwagia oili, na namba unaiona kwenye usukani. Mimi napenda ya waya, kwa sababu mlimani ndiko unakoihitaji, na mlimani huwezi kuinama kutazama kifuniko. Usinunue kile kihisio cha pete kinachokaa chini ya plagi ukadhani kinapima oili. Kinapima chuma cha hedi, na chuma hicho ni cha moto zaidi sana. Nimeona vijana wanafika karakana mikono inatetemeka kwa sababu geji inasoma 180, wanataka injini ifunguliwe, kumbe ni pete ya plagi na injini ni nzima kabisa.

Kabla hatujafunga, tutaijaribu geji yenyewe. Weka sufuria ya maji jikoni, yachemke sawasawa, tumbukiza ncha ya kihisio bila kugusa chini ya sufuria. Dar es Salaam inapaswa kusoma 100. Ukifanya hivyo Iringa mjini, itasoma karibu 95, na usiitupe, maana kule juu maji huchemka mapema. Geji iliyokosea nyuzi 3 au 4 itakufaa ukilijua kosa lake. Iliyokosea 20 irudishe dukani.

Halafu anza kuzoea. Andika kwenye simu: asubuhi peke yako, mchana wa jua, ukiwa na abiria, ukiwa na mzigo, foleni ya Ubungo, barabara tupu ya Mikumi. Ndani ya wiki chache utajua pikipiki yako inakaa wapi. Mtu anayejua kwamba yake hukaa 100 barabara ya tambarare, akiona 115 mahali palepale, hali ya hewa ileile, ameshajua kuna jambo wiki nzima kabla halijawa bovu. Huenda oili imepungua, maana oili kidogo inazunguka mara nyingi zaidi na haipati nafasi ya kupoa. Huenda mapezi ya rejeta yamejaa tope. Huenda kabureta inatoa petroli kidogo kuliko hewa, au breki ya nyuma inashika, au mnyororo umekazwa kupita kiasi.

Kitonga yenyewe nikueleze, maana ndiyo inayokutisha. Kinachochemsha injini pale si mlima peke yake, ni malori. Unapanda nyuma ya lori lililobeba tani nyingi, gia ya kwanza, upepo hakuna, na mkono wako umeshika klachi nusu. Klachi ya pikipiki yako inaogelea kwenye oili ileile ya injini. Kila inapoteleza, joto lake lote linaingia humo. Usilifuate lori kwa kuvuta na kuachia. Liache liende mbele, nafasi ifunguke, halafu panda kwa mwendo mmoja, klachi imeachiwa kabisa. Foleni ikisimama, zima injini. Geji ikipita 130, tafuta mahali salama nje ya barabara, simama, usubiri. Na usimwagie maji injini iliyo moto, hata uone wenzako wanafanya. Chuma kikipozwa ghafla upande mmoja hujipinda, na hedi iliyojipinda haina dawa ya bei nafuu. Mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, usibebe kabisa, mlimani wala mjini.

Mapezi ya rejeta yasafishe kwa brashi laini na maji ya kawaida. Mashine ya presha ya kuoshea magari inayapinda, na pezi lililopinda halipitishi upepo.

Oili iwe 10W-40 kama kiwanda kilivyoandika, na kopo liwe na alama ya JASO MA. Hiyo 40 hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, ndiyo maana nakuhimiza ukae karibu na hapo. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano itafanya klachi iteleze, nawe umeshaona klachi inayoteleza inapeleka wapi joto lake. Nunua kopo lililofungwa kwa muuzaji unayemwamini, kwa sababu oili chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye kopo zuri ipo sokoni.

Vijana wengi husahau upande wa pili, baridi. Ukienda Njombe mwezi wa Julai, asubuhi geji inaweza kukaa 60 safari nzima. Oili isipofika moto wa kutosha, unyevu na petroli iliyopenya haviondoki. Fungua kifuniko utakuta povu la rangi ya chai ya maziwa. Siku hizo ziba nusu ya rejeta kwa kipande cha bati, ukikitoa jua likipanda, na usikung'ute injini kabla haijapata moto.

Ukishayafanya haya na bado unasoma 130 ukiwa peke yako kwenye tambarare, niletee tupime kabureta na vali. Rejeta kubwa tutaizungumza baada ya hapo, na tukiifunga tutaifunga pamoja na thermostati, la sivyo Kitonga itakuwa salama na Njombe itakuharibia oili.