Ubongo Hujengwa kwa Kutumiwa

Hakuna fikira ipitayo ubongoni ikauacha kama ilivyoukuta. Chembe za neva, ambazo katika kichwa cha mwanadamu hukadiriwa kufika takriban bilioni 86, aghalabu hazigusani, bali kati ya moja na jirani yake pana uwazi mwembamba mno unaovukwa na kemikali zichukuazo habari. Na kivuko hicho, kwa kudura ya Mola, hakikai katika hali moja. Mwaka 1949 Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, alieleza kwamba chembe moja ikishiriki mara kwa mara katika kuiamsha nyingine, uwezo wake wa kuiamsha huzidi. Na mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo wakatangaza kwamba, katika ubongo wa sungura, msisimko wa muda mfupi uliweza kuviimarisha vivuko hivyo kwa saa kadhaa. Lakini lisilosemwa sana, na kwangu mimi ndilo lenye hekima kubwa zaidi, ni kwamba kudhoofika nako ni kazi ya ubongo, wala si uharibifu, kwani lau vivuko vyote vingelizidi nguvu bila kikomo, pasingelibaki tofauti baina ya lililo muhimu na lililo upuuzi, wala akili isingelipata nafasi ya kupokea jambo jipya. Basi, ewe msomaji, elimu uliyoipata asubuhi hii, ikiwa waithamini, irudie jioni.