Nyumba ya Masista Kando ya Bahari

Masomo: Kumbukumbu la Torati 10:17-19, 2 Wakorintho 1:3-7

Mwezi huu tunawaletea habari ya nyumba moja iliyoko Bagamoyo, pwani ya Tanzania, mahali ambapo njia ya misafara kutoka Ujiji ilifikia baharini. Wengi wetu tumetoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na watu wa nchi zetu walipitishwa njia hiyo wakiwa wamefungwa. Kwa hiyo habari hii si ya watu wa mbali.

Wazee hulieleza jina la Bagamoyo kwa namna mbili. Wengine husema ni mahali ambapo mtumwa alibwaga moyo, akakata tamaa, kwa sababu mbele yake ilibaki bahari tu. Wengine husema ni mahali ambapo mpagazi alishusha mzigo, moyo wake ukatulia, kwa sababu safari imekwisha. Mahali ni pale pale na jina ni lile lile. Tofauti ni nani aliyekupokea ulipofika.

Masista waliokaa katika nyumba ile walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria, kutoka kisiwa cha Réunion. Kisiwani humo utumwa ulikomeshwa mwezi wa Desemba 1848, na mwaka 1849 shirika hilo likaanzishwa. Lilipokea wanawake wa Kizungu, na pia wanawake weusi waliokuwa wametoka utumwani, wakaishi pamoja kama dada katika utawa mmoja. Kwa siku zile jambo hilo lilikuwa la ajabu.

Mwaka 1860 masista wa shirika hilo walivuka bahari pamoja na Padre Fava hadi Zanzibar, ambako soko la watumwa lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Masista walianza kwa kuwauguza wagonjwa na kuwalea watoto. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walianzisha misheni Bagamoyo, na hapo kikakua kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Masista nao wakaja kuwatunza wasichana na wagonjwa.

Kazi haikuwa nyepesi. Kipindupindu kilipita pwani mwaka 1869 na 1870, kikaua wengi. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha majengo ya misheni. Wakajenga tena. Nyumba ya masista tunayoisimulia ilijengwa mwaka 1876, na sasa ni makumbusho ya misheni.

Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Utaratibu wa kijiji ulikuwa mkali. Kazi na sala zilipangwa na wamisionari, na wapo waliokombolewa walioamua kuondoka wakatafute maisha yao kwingine. Aliyepokewa naye ana heshima yake na mapenzi yake. Hilo tulikumbuke, maana sisi tunajua uchungu wa kupangiwa kila kitu.

Kisha mwaka 1888 vita vya Abushiri vikafika Bagamoyo. Watu wa mji waliacha nyumba zao wakakimbilia misheni. Mahali palipojengwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa pakawa kimbilio la raia waliokimbia vita. Waliokuwa wageni sasa walikuwa wenyeji, na waliogonga mlango walikuwa wale waliokuwa na nyumba zao mjini hadi juzi tu.

Ndugu zetu, hapo ndipo neno la leo lilipo. Musa aliwaambia Waisraeli wampende mgeni, na sababu aliyowapa haikuwa utajiri wao. Aliwakumbusha kwamba wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Paulo naye anawafundisha Wakorintho kwamba faraja tunayopewa na Mungu katika dhiki haiishii kwetu. Tunapewa ili tuweze kuwafariji walio katika dhiki yoyote. Mungu hangoji tupone kabisa, turudi kwetu na tujenge nyumba ya bati ndipo atutume. Shirika la masista wale lilizaliwa miezi michache tu baada ya minyororo kufunguliwa.

Makambini kwetu watu wapya hufika. Hufika usiku, mama na watoto, na mzigo mmoja kichwani. Mgawo wa chakula ukipunguzwa na foleni ya maji ikirefuka, husikika maneno kama haya: "Sisi tulitangulia, hawa waende wapi?" Njaa ni ya kweli na hatuidharau. Anayegawa unga usiomtosha anatoa sana kuliko tajiri. Lakini si kila msaada ni unga. Mwenye mikono amsaidie mjane kufunga turubai kabla mvua haijanyesha. Mwenye sufuria aiazime. Anayejua njia ya zahanati ampeleke mgonjwa, wala asimdai kitu kwa kumwonyesha foleni. Akina mama, mtoto aliyefika peke yake asilale peke yake. Mkaeni naye na mwarifu wanaohusika. Naye mgeni aulizwe jina lake na anachohitaji, asipangiwe kama mzigo.

Siku moja mtu atauliza jina la kambi yetu lilikuwa na maana gani. Kwa mmoja litakuwa mahali alipokata tamaa. Kwa mwingine litakuwa mahali alipotua mzigo. Tuombe kwamba kwa watakaofika mlangoni petu juma hili liwe hilo la pili.

Ee Bwana, wewe uliyekimbizwa Misri ukiwa mtoto, utupe moyo wa kupokea kama tulivyopokelewa, na kwa yule ambaye hakupokelewa na mtu, umpe leo jirani. Amina.