Mafuriko Kilosa: Kadari au uzembe wetu?

Ndugu msomaji, kila maji yanapoingia Kilosa husikika kauli moja: "Ni kadari ya Allah." Ni kweli, mvua hainyeshi ila kwa amri Yake. Lakini je, tuta la mto lililoachwa bila matengenezo nalo tulitupie kadari?

Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja tuta, ukasomba nyumba na kuharibu Reli ya Kati. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila, majirani wa Msowero. Watu wakalala kwenye mahema. Sisi wa mijini tukachanga nguo na unga. Allah atulipe. Lakini tulichanga maji yakiwa yameshapita.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Nabii Nuhu (a.s.) alijenga safina kungali kukavu.

Kuridhia kadari ni baada ya kutimiza wajibu, si kisingizio cha kuukwepa. Kumsaidia mkulima wa Msowero ahamishe nyumba na ghala lake kutoka bondeni kabla ya masika, hiyo nayo ni sadaka. Kwa nini tusubiri hadi alie ndipo tumpelekee blanketi?

Wallahu a'alam.