Daktari Akisema "Hatuna Yakini"



Yuko mtoto anayeshikwa na homa mara kwa mara. Anapewa dawa ya malaria, homa inarudi. Siku mkojo unapopimwa, vijidudu vinaonekana. Sababu mojawapo ni mkojo kurudi nyuma: badala ya kushuka kutoka figo hadi kibofu na kutoka nje, unapanda tena, kwa kuwa mlango wa mrija haufungi sawasawa. Watoto wengi hupona wenyewe wakikua. Wengine figo zao hubaki na makovu.

Je, mtoto huyo anyweshwe antibiotiki kidogo kila siku ili asiugue tena? Hapo madaktari wenyewe wanahitilafiana. Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Marekani, watoto 607 kwa miaka 2. Waliopewa dawa tunayoijua kwa jina la Bactrim, 39 kati ya 302 waliugua tena. Waliopewa dawa bandia, 72 kati ya 305. Faida ipo. Lakini makovu ya figo hayakupungua, na vijidudu vya waliougua huku wakinywa dawa vilikuwa sugu zaidi.

Baadhi yetu tukimsikia daktari akikiri kuwa hana yakini, tunamwacha na kwenda kwa muuza dawa ambaye hakosi jibu kamwe. Ndugu yangu, huyo wa kwanza ndiye mwaminifu. Kaa naye, umwulize: mkojo wa mwanangu unarudi kwa kiasi gani? Ameugua mara ngapi? Mwambie na unapokaa. Aliye jirani na hospitali hapa Bunia anaweza kungoja na kuangalia. Aliye Djugu, ambako vita hufunga barabara, kungoja kwake si sawa na kwako. Kutawakali hakukatazi kuuliza.

Tena kuna haki ya jirani. Kijidudu sugu hakikai nyumbani mwako, hupita kwa watoto wengine. Sisemi umnyime mwanao dawa kwa ajili yao. Nasema usimpe kwa desturi tu.

Chuoni tulifundishwa kutenga yakini na shaka. Shaka iko katika dawa ya kila siku. Katika homa haimo: mtoto huyu akipata homa, mkojo upimwe siku ileile, kabla ya antibiotiki, na dozi atakayoandikiwa aimalize. Asizoee kubana mkojo, na akifunga choo atibiwe.